Kofi la Sehemu ya Tatu

Asubuhi ya safari, Ethuro alipita kwanza hospitalini Lodwar kumwona mpwa wake. Ejore alilala chali, bandeji imemshuka hadi kwenye nyusi, midomo imekauka na kupasuka. Wiki hiyo vijana wa mji wa Kakuma na vijana wa kambi ya wakimbizi walikuwa wameshikana kwa ajili ya kuni, na jiwe moja katika mengi likampata kichwani. Alifumbua macho, akamtazama mjomba wake kama anayetazama ukuta, akayafumba tena.

Akal, dada yake Ethuro, mama wa mgonjwa, alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda akimpepea mwanawe kwa kipande cha kadibodi.

"Nasikia bado mnaenda," alisema.

"Tunaenda."

"Kuwachekesha hao wa kambini."

"Ni mchezo, Akal. Tumeufanyia mazoezi tangu mvua."

"Mtu wao mmoja alirusha hilo jiwe. Na wewe unaenda kusimama mbele yao umevaa tumbo la mto, wakucheke." Hakupandisha sauti. Aliendelea kupepea. "Nenda. Gari lisikuache."

Ethuro alitoka nje akasimama juani hadi jua likamchoma utosini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa malango na madirisha, mwenye viganja vigumu vilivyojaa alama za cheche. Maigizo yalimwingia ukubwani. Mwalimu Bilha, mama aliyehamia Lodwar kutoka Kakamega kufundisha sekondari, alikwenda kwenye kibanda chake kuagiza fremu za mandhari ya jukwaa, akamsikia anavyomwiga mteja mbishi, akamwambia aje ukumbi wa parokia Jumamosi. Alikwenda kwa mzaha, akanasa.

Kikundi kilikuwa nusu watu wa Lodwar, nusu watu wa kambi ya Kakuma. Mchezo wenyewe uliitwa *Bibi Mwenye Ndevu*. Ethuro alikuwa tajiri wa mbuzi anayetaka kumwoza binti yake kwa mtu asiyempenda. Mchumba wa kweli, fukara mmoja, anaingia nyumbani humo kwa hila: anajifunga leso, anavaa shanga na kujifanya kikongwe, bibi mzaa baba wa bwana harusi. Fukara huyo aliigizwa na Chol, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, mrefu kiasi kwamba akikunja magoti kujifanya kikongwe bado aliwapita wenzake wote kwa kichwa. Katika sehemu ya tatu tajiri anachoshwa na maneno ya yule bibi, anamzaba kofi, leso inaruka, ndevu zinaonekana. Kuanzia hapo ni mbio na vurugu hadi mwisho. Bila kofi, hakuna mchezo.

Na kofi lenyewe lilikuwa la hewa. Mwalimu Bilha aliwafundisha kwa subira. Kiganja cha Ethuro kilipita shibiri moja kutoka shavuni. Wakati huohuo Chol, mikono imefichwa chini ya shuka, alipiga makofi mara moja, pwa, na kugeuza uso. Walilirudia hadi wakawa wanalifanya wakipiga soga.

Siku hiyo ndani ya gari hakuna aliyepiga soga. Barabara ya Kakuma ilinyooka mbele yao, joto likicheza juu ya lami, na kila mmoja alitazama dirisha lake.

Walipofika, afisa wa polisi aliwasubiri kando ya uwanja. Alimwambia Mwalimu Bilha kwa upole kwamba ruhusa ipo, ila vijana wakianza kurushiana hata maganda ya ndizi, ataondoa watu wote na kikundi kisirudi tena. Kisha akaenda kusimama na wenzake karibu na jukwaa, rungu mkononi.

Chol alikuwa nyuma ya pazia akijipaka unga kwenye nyusi.

"Ejok?" alisema, akimsalimu kwa Kiturukana.

"Ejok-nooi," Ethuro akajibu, na maneno yakaishia hapo. Siku nyingine wangekumbatiana.

Mwalimu Bilha aliwavuta kando. "Nimefikiri njia nzima. Tulitoe kofi. Leso ivutwe na msumari, ianguke yenyewe."

"Mwalimu, hapana," Chol alisema. "Sisi tulifanyia mazoezi hapa nje, watoto na watu wazima wote waliona. Wanangojea hiyo kofi. Ikikosekana watasema huyu ananiogopa mimi, ama mimi namwogopa yeye. Yote mbaya."

"Ethuro?"

Ethuro alikaza kamba ya mto tumboni. "Nitalifanya."

"Mkono wa binamu yangu ulivunjwa," Chol alisema bila kumtazama. "Anakaa mbele. Nakuambia tu ujue."

"Mpwa wangu haongei hadi leo."

"Nilisikia. Malesh."

Ethuro aliijua ile *malesh*. Kambini ndiyo pole ya kila siku. Siku nyingine ingemtosha. Lakini leo alijikuta akiipima, kama ni ya kweli au ni ya mdomo, na akachukia kwamba anaipima.

Mchezo ulianza jua likiwa limelegea kidogo. Ethuro alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Wenyeji wa mjini walikuwa kushoto, wameketi kwenye vigoda vyao na wengine wamesimama na fimbo. Watu wa kambini walikuwa kulia. Katikati paliachwa nafasi tupu, pana, ambayo hakuna aliyeambiwa aiache.

Sehemu ya kwanza ilipita bila mtu kucheka. Immaculée, dada wa Kikongo aliyeigiza binti, alidondosha sufuria kwa namna iliyokuwa ikiwaliza watu machozi mazoezini. Ikalia chini, ikazunguka, ikatulia. Kimya. Katika sehemu ya pili Chol alipoingia na shanga zake, kina mama wachache wa kulia waliguna, na mzee mmoja wa kushoto akatabasamu halafu akajirudi. Jasho lilimtoka Ethuro chini ya mto. Alisema maneno yake yote sawasawa, na kila neno lilimrudia mdomoni likiwa kavu.

Ikafika sehemu ya tatu. Chol alikuwa ameketi kwenye kigoda akimchokoza: mbuzi wako wamekonda, binti yako anapika uji wa mawe, nyumba yako inanuka. Ethuro alizunguka jukwaa akijifanya anavimba kwa hasira. Alipogeuka kuelekea watu, akamwona. Kijana mstari wa mbele, plasta mpya kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, ameuweka mkono mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa wa umri wa Ejore. Kijana naye alikuwa akimtazama, bila kupepesa.

*Mkono huo ulishika nini kabla haujavunjika*, Ethuro aliwaza, na wazo lilikuwa bado halijaisha alipofika mbele ya Chol na kuinua kiganja.

Mlio haukuwa *pwa*. Ulikuwa mzito, wa nyama na mfupa. Ethuro aliuhisi hadi begani. Kigoda kilipinduka, Chol akaenda chini kwa ubavu, leso ikaruka, na aliponyanyua uso, mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na damu inateremka kwenye ndevu za bandia.

Kisha upande wa kulia ukasimama. Hawakupiga kelele, walisimama tu, na huko nyuma mtu akainama kuokota kitu. Upande wa kushoto ukasimama pia, na fimbo zilizokuwa zimelala magotini hazikulala tena. Polisi walisogea hatua moja. Ethuro alibaki pale, mkono unamuuma, na maneno yote ya mchezo yamemtoka kichwani kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

Chol alijigusa mdomo. Akautazama mkono wake wenye damu. Akamtazama Ethuro, na katika macho yale hapakuwa na mchezo hata chembe. Halafu akasema, kwa sauti ile nyembamba ya kikongwe, neno ambalo halikuandikwa popote:

"Mwanangu, hilo lilikuwa jino langu la mwisho. Sasa nyama ya harusi nitaitafuna na nini?"

Mama mmoja upande wa kulia alicheka kabla hajajizuia. Akaziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka, na mwenzake akakipokea. Kushoto mtu akasema kwa Kiturukana kwamba bibi asagiwe nyama, na hapo wakacheka wengine. Si wote. Yule aliyeinama hakuwa amenyooka bado.

Chol aliinuka, akaokota kigoda, akaanza kumfuata Ethuro. Katika mchezo ni tajiri ndiye anayemkimbiza bibi. Sasa mambo yaligeuka. Ethuro alirudi nyuma akijikwaa kwenye sufuria, akazunguka meza, na hakujua kabisa kama anaigiza. Chol alimfikia, akamkamata ukosi, akatupa kigoda, akainua kiganja chake juu, juu kabisa, mkono ule mrefu ukasimama kama nguzo.

"Mpige," sauti ya kulia ilisema. Kijana mwenye plasta alikuwa amesimama. "Chol, mpige."

Ethuro hakuinua mikono kujikinga. Aliishusha ubavuni, akainua uso, akangoja. Alisikia pumzi ya Chol, fupi fupi. Aliona damu ikikusanyika kidevuni na kudondoka.

Mkono ulikaa juu hadi watu wakaacha kucheka. Kisha ukashuka polepole. Chol alishika ncha ya shuka la Ethuro, akajipangusa mdomo nalo, taratibu, pembe hii na pembe ile, kama mtu aliyemaliza kula kwa jirani. Akalikung'uta, akamrudishia begani.

"Basi, baba mkwe," alisema kwa sauti yake mwenyewe, na hilo lilikuwemo kwenye mchezo, "umeshaniona. Mimi ndiye ninayemtaka binti yako."

Wakacheka. Hata polisi mmoja alicheka. Kundi la vijana wa kushoto liliondoka likitema mate, na kulia wachache waliondoka pia, lakini waliobaki waliketi, na mchezo ukafika mwisho wake.

Nyuma ya pazia Mwalimu Bilha alimkanda Chol mdomo kwa kitambaa cha maji. Ethuro alivua mto.

"Ulikusudia?" Chol aliuliza.

"Sijui. Nilimwona binamu yako, nikamkumbuka mtoto wetu. Mkono ukaenda."

"Ungesema hapana, hukukusudia, nisingesimama tena jukwaani na wewe." Chol akachukua kile kitambaa, akajishikia mwenyewe. "Twende kwetu. Mama ataona mdomo kabla hajasikia habari. Wewe ndiye utamwambia."

"Gari linaondoka," Immaculée alisema.

"Litangoja," alijibu Mwalimu Bilha.

Walipita kati ya vibanda, Chol mbele, Ethuro nyuma, watu wakiwageukia. Mama yake Chol, Nyandeng, alikuwa akichochea jiko mlangoni. Aliuona mdomo wa mwanawe, akasimama.

"Mama," Ethuro alisema, "ni mimi nilimpiga. Ilikuwa kwenye mchezo, lakini nilimpiga kweli. Mimi ni mjomba wa yule kijana aliyepigwa jiwe."

Nyandeng alimuuliza mwanawe kitu kwa lugha yao. Chol akajibu kwa neno moja. Mama yule alimtazama Ethuro kwa muda mrefu, akaiangalia mikono yake yenye makovu ya moto.

"Huyo kijana naongea?" aliuliza.

"Bado."

"Jina yake nani?"

"Ejore."

"Ejori."

"Ejore, mama."

"Ejore," alisema Nyandeng. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alisukuma kiti cha plastiki kwa mguu hadi kikamgusa Ethuro magotini, akarudi kwenye jiko lake kuongeza maji katika birika. Ethuro akaketi.