Miguu Isiyokuwa ya Persis

Mwaka wa 1967 wasichana wengi wa Kisii walikuwa wameziacha ebitinge, zile pete za chuma ambazo mke huvishwa vifundoni siku ya harusi, asizivue ila akimkataa mume. Lakini mama yake Momanyi aliapa kwamba mkaza mwana wake atazivaa, na Persis akazivaa bila kinyongo. Alikwenda nazo hadi mjini, kwenye duka la Tryphosa alikoshona nguo.

Jumatatu moja Momanyi alikuta watu wamejaa mbele ya duka hilo. Ukutani, rangi ikiwa haijakauka, alisimama mwanamke wa kisasa: wigi kama kichuguu, miwani nyeusi, gauni lililoishia juu ya magoti. Midomo ile na mwanya ule vilikuwa vya Persis. Momanyi akateremsha macho. Miguu ilikuwa laini, mitupu, ndani ya viatu vya visigino virefu.

"Momanyi, huyu si wako?" Obwocha muuza ndizi akachokoza. "Au ameshahama?"

Kicheko cha watu kilimwingia kama pilipili jichoni. Alikuwa amejifunza ushairi peke yake, kwa kunakili beti za magazetini, na aliamini hakuna ishara asiyoweza kuisoma. Hakuingia ndani kuuliza. Alipanda juu ya kreti la soda, akatoa beti sita papo hapo, kila ubeti ukiishia:

"Umevua pete zangu, sasa u mke wa nani?"

Umati ulipokea kibwagizo kwa makofi. Persis alisimama nyuma ya kaunta, tepu shingoni, akasikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo hakurudi nyumbani.

Jumatano Momanyi alimwendea Andrew, mchoraji wa picha ile, mgeni kutoka Machakos, ngumi zikimwasha.

"Miguu gani, bwana?" Andrew alishangaa. "Mkeo nilimchora akiwa kwenye cherehani. Kutoka kiunoni kwenda chini niliona meza tu. Ile miguu niliitoa kwenye kitabu cha mitindo. Ni ya Mzungu, nikaipaka rangi yetu."

"Na pete hukuziona?"

"Nilizisikia. Kila akikanyaga pedali kitu kinalia. Nikadhani mashine inataka mafuta."

Momanyi aliondoka mbio kwenda Magwagwa, kwa wakwe zake. Alimkuta Persis akichuma chai kando ya nyumba. Vifundoni mwake ngozi ilikuwa imepauka, pale chuma kilipokaa.

"Persis, nilisoma vibaya."

"Ulisoma kwa sauti." Hakugeuka. "Pete nimempelekea mama yako. Nilizivua jana, si siku ile uliyoimba."

"Nitatunga shairi jingine. Nitasimama pale pale, nikane yote."

"Tunga. Na watu wale wale utawapata wapi?"

Akahamia mstari mwingine wa chai. Momanyi akamfuata. Mama mkwe alitokea mlangoni, akamtazama mkwewe, kisha akakichukua kigoda cha wageni kilichokuwa uani, akakiingiza ndani.