Bi Kiasi na Mto Uliojaa

Adhuhuri ile nilirudi kutoka hospitali na cheti cha vipimo mfukoni, nimekikunja mara nne. Daktari alinieleza kwa upole kwamba hakuona mbegu zangu hata moja, akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Sindano za kutunisha misuli ninazochomwa kule jimu kwa miaka miwili sasa, na nyingine nimezificha nyumbani, sikuzitaja. Mwanamume mwenye kifua kama changu atakosaje mbegu? Jikoni mke wangu Mwanaidi alikuwa akichemsha mizizi aliyoletewa na mama yangu, ambaye kwake ugumba ni wa mwanamke siku zote. Nikajitupa kitandani, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi ya vilima, ambako mto ulitoka bondeni ukapanda mlimani polepole, wala hakuna aliyeshangaa. Juu kabisa, barazani, alikaa bibi mmoja mwenye upawa, kengele kando yake. Jina lake Kiasi. Alichota maji, akaonja, akaweka upawa chini. Akanieleza kwamba akionja nguvu haba mtoni hugonga kengele, kisha hupumzika, kisha hugonga tena; mjumbe wake Utii, akaaye chini ya baraza, huisikia akashuka bondeni kumwamsha Bidii, naye Bidii hutia nguvu mtoni na kuotesha mbegu vitaluni. Nguvu ikizidi, bibi hunyamaza na wote hulala. Huu mwaka wa pili hajaigusa kengele.

Tukashuka. Utii alikuwa anasinzia mlangoni. Bidii amelala fofofo, vitalu vyake vikavu, hakuna mche hata mmoja. Ukingoni jitu lenye mabega mapana lilikuwa likimimina mapipa ya nguvu mtoni huku likijisifu. Bi Kiasi akasema hilo ni Majivuno. Lilipogeuka, uso ulikuwa wangu, na shati langu jeupe limelibana.

“Bibi, mwamshe Bidii,” nikamsihi. “Nataka mtoto.”

“Siwezi kugonga, mwanangu, na ulimi unaniambia mto umejaa. Mimi naamini ninachoonja. Acha kumimina. Utakuwa mnyonge miezi kadhaa, wala usinihimize. Nikionja uchache, nitagonga.” Akanitazama. “Na yule anayekunywa uchungu kwa ajili ya vitalu vyako, umemwambia?”

Niliamka jua bado kali dirishani. Mwanaidi alikuwa ameketi kitandani na kikombe cha mizizi, amekunja uso kabla hajakifikisha mdomoni. Maana ya ndoto ikanifungukia hapo hapo: mapipa yale ni sindano zangu, nazo ndizo zilizomlaza Bidii mwilini mwangu. Nikaona haya. Nikakichukua kikombe nikaonja. Uchungu ukanifika hadi masikioni. Miaka miwili amekunywa dawa hii kwa ajili yangu.

“Usinywe tena,” nikamwambia, nikampa cheti, nikamweleza na habari ya sindano. “Jioni twende kwa mama, nikamwambie mwenyewe.”

Alisoma, akarudia kusoma. Hakulia wala hakunigombeza. Aliinuka akamwaga mizizi dirishani, kisha akaniuliza zile sindano zilizobaki nimezificha wapi.