Kanisa Lililokwama Njiani

Torkel Haugland alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na pia meya wa mji mdogo kando ya kijito kule Dakota, Marekani. Kanisa la kijitoni alilijenga mwenyewe, enzi Wanorwe wenzake walipokuwa bado wanalala kwenye vibanda vya udongo. Kisha reli ikapita mbali, na nusu ya watu wakahamia stesheni. Torkel akawaahidi hao: "Jumapili mtasali huku. Nisipolifikisha kanisa, kwenye uchaguzi wa Jumanne msinipe kura."

Watu wa stesheni wakaling'oa zima zima, kengele ikiwa juu mnarani, wakalipandisha juu ya magogo, maksai wakavuta. Jumamosi, katikati ya njia, mvua ikanyesha. Magogo yakazama, na kanisa likainama upande kama mtu aliyechoka.

Waliobaki kijitoni wakaja kucheka.

"Mheshimiwa Meya," akasema Gunnar mkulima, "sasa unatawala mji gani? Huu wa matope?"

"Cheka, Gunnar. Ukishiba kucheka, shika kamba."

"Nishike kamba niwasaidie wezi wa kanisa?"

Mama Ragna, mjane aliyewapikia wavutaji, akaweka sufuria chini. "Torkel, kesho ni siku ya Bwana. Wanyama wapumzike."

"Mama, niliahidi."

"Uliwaahidi watu. Mungu hakukuomba umbebe."

Asubuhi ya Jumapili Torkel akapiga kengele yeye mwenyewe. Wa stesheni wakaja wakinung'unika, wa kijitoni wakaja kuangalia aibu ya wenzao. Mlango ulikuwa juu, lazima kupanda ngazi. Gunnar akajikuta amemshikia ngazi mke wa Ole, mwenye duka wa stesheni, ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu majira ya kuchipua. Ndani, kwa vile sakafu ilikuwa imeinama, kila aliyeketi aliteleza mpaka mwisho wa benchi. Mahasimu wakabanana bega kwa bega. Katikati ya wimbo mtoto akacheka, kisha mchungaji, kisha kanisa zima. Walipotoka wakanywa kahawa pamoja, wakagawana mikate ya viazi.

Jumatatu jua likakausha njia, maksai wakafungwa nira. Torkel akalitazama kanisa lake kwa muda mrefu. Tangu reli ije hakuwa amewahi kuliona limejaa kama jana. Kulifikisha stesheni ni kupata kura. Na ni kuwapoteza akina Gunnar kabisa.

"Wafungueni maksai," akasema. "Linabaki hapa hapa."

"Umejimaliza mwenyewe!" akapiga kelele Ole, aliyekuwa akiugombea umeya ule ule.

Na kweli, Jumanne Torkel alishindwa. Mama Ragna alimwombea, ingawa hakumwona na huzuni yoyote. Alikuwa akipiga mluzi huku akichonga mawe ya msingi, na Gunnar akimsogezea.

Jumatano Ole akafika kujionyesha, matope yamempanda hadi magotini. "Njia gani hii! Mtu ataendaje kanisani?"

"Hongera, Mheshimiwa Meya," Torkel akamjibu bila kuacha kuchonga. "Barabara ni kazi yako sasa. Jumapili tunakungoja."