Msichana wa Kwenye Kioo cha Fundi

Fundi alikuwa amepiga magoti akimbana mteja pindo la gauni, pini zimemjaa mdomoni, alipomwona msichana akicheza ndani ya kioo. Aligeuka. Nyuma yao kulikuwa na cherehani na fungu la vitambaa tu. Kwenye kioo msichana alikuwa palepale begani kwa mteja, miguu mitupu, akicheza bila sauti.

"Mwambie asogee," mteja alisema. "Ananiziba."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Hasikii," alisema, maana alikuwa amemtambua.

Pale dukani alikuwa fundi tu, wa kusumbuliwa na wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko aliitwa Dada Mkubwa, kiongozi wa kundi la mashabiki wa mwimbaji Chiriku, na akisema amesema. Ndiye aliyewafundisha wageni adabu za kundi. Wimbo mpya haukosolewi siku unapotoka. Chiriku akifiwa, kila mtu anaweka picha nyeusi na kunyamaza mpaka mwenyewe aseme neno.

Mama yake Chiriku alipofariki, kundi zima likawa jeusi. Katikati ya weusi ule, msichana mmoja wa nchi ya mbali akaweka video. Alikuwa uani kwao, amevaa nguo nyeupe, anaucheza ule wimbo wa Chiriku wa harusi. Chini aliandika: "Kwa ajili ya mama."

Fundi alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi kando, akaandika, "Huyu hakufunzwa kwao. Mfunzeni." Kisha akarudi kwenye kola ya shati.

Wakamfunza. Walimwita mchawi, wakamwombea na mama yake afe, wakatafuta anapofanya kazi na kumpigia simu bosi wake. Msichana aliomba radhi kwa lugha ya kuungaunga. Hakuna aliyemsoma mpaka mwisho. Akaunti yake ikafungwa, na asubuhi yake akawa kwenye kioo.

Wateja walimzoea. Mama mmoja aliuliza kama na yeye anasubiri kupimwa. Ni muuguzi, aliyekuja kuchukua sare zake, ndiye aliyesimama akamtazama vizuri.

"Anamchezea mfiwa gani?"

"Umejuaje kuna mfiwa?" fundi aliuliza.

"Uchezaji huu naujua, nimewahi kufanya kazi kwao. Mtu akifiwa hawamwachi akae chini peke yake. Wanakuja kumchezea wimbo aliokuwa anaupenda marehemu, mpaka mfiwa ainuke. Asipoinuka, hawaachi." Muuguzi alikunja sare zake. "Ni heshima kubwa, dada. Si kila mtu anachezewa."

Fundi alikaa. Ni yeye aliyeandika kundini, zamani, kwamba mama yake Chiriku hakuupenda wimbo wowote kama ule wa harusi. Msichana alikuwa ameusoma ujumbe huo na kuuweka moyoni. Sasa nyayo zake zilikuwa zimechubuka, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Nisamehe, mdogo wangu," fundi alisema mbele ya kioo. Msichana aliendelea kucheza. Alitukanwa mbele ya kundi zima, na fundi alijua vizuri radhi hiyo ilipaswa kuombwa wapi.

Akachukua simu. Aliandika kila kitu: heshima ile, wimbo ule, neno lake mwenyewe lililoanzisha yote. Kabla hajatuma, mtu akaandika, "Tulieni, Dada Mkubwa anaandika." Kundi likatulia kumsubiri. Fundi alilitazama jina lile, Dada Mkubwa. Nyumbani kwao alikuwa kitinda mimba, na hakuna aliyewahi kutulia ili amsikilize. Kesho wangemwita msaliti, na jina lingepewa mwingine. Kidole kilimkaa hewani muda mrefu. Mwishowe akafuta yote, akaandika, "Mmeamkaje, wapenzi?"

Akajibiwa kwa mioyo myekundu isiyohesabika. Hakutazama kioo mpaka alipofunga duka.

Chiriku alipotoka msibani na kuweka picha yake ya kwanza, mzee mmoja wa ugenini aliandika, "Umenenepa, mwanangu." Fundi alielewa mara moja. Mzee alikuwa amefurahi kwamba binti ameanza kula tena. Kundi lilikaa kimya likimsubiri Dada Mkubwa. Safari hii fundi hakuandika "mfunzeni". Hakuandika kitu. Aliiweka simu kifudifudi chini ya vitambaa, akashona mpaka jioni, na moyo ulimuuma kwa kila mshono. Kundi liliuchukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Asubuhi, mzee alikuwa kwenye kioo kando ya msichana, kofia mkononi, midomo ikienda bila sauti, akieleza na kueleza tena. Msichana alikuwa amejibana pembeni ili kumpisha, lakini hakuacha kucheza. Mteja wa kwanza alijaribu gauni lake na kulalamika kwamba haoni hata mkono mmoja.

Fundi alimwomba msamaha mteja. Akakipima kioo kwa utepe wake, akamwita seremala wa duka la jirani.

"Nataka kingine," alisema. "Kipana zaidi."

"Kipana kiasi gani?"

Chini ya vitambaa simu ililia, ikalia tena.

"Cha ukuta mzima," fundi alisema.