Marehemu wa Saa Nane

Nilikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja mstaafu, upande wa kushoto umekwisha na wa kulia bado umetimka, nilipojiona kwenye televisheni. Sura haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mwigizaji mwenye macho makubwa, ambaye miezi michache nyuma aliigiza pacha wa mtu. Lakini alichokuwa anafanya kilikuwa changu. Alikuwa anaanika nguo uani, na kila akianika, moja au mbili alizitupia kwenye kamba ya jirani. Zilipokauka jirani alizianua, akazikunja, akazitia kwenye begi chini ya kitanda chake. Mume akapita, akatazama kamba zote mbili, asione kitu.

Hivyo ndivyo nilivyomkimbia mume wangu. Nilihamisha kabati zima kupitia kamba ya kuanikia, na siku ya kuondoka nilitoka mikono mitupu kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Waliojua ni wawili: yule jirani, ambaye naye alishahama, na dada yangu. Na dada yangu ndiye anayeandika tamthilia ya saa nane.

"Mgeni, unanivuta," mwalimu akasema. Nilikuwa nimekaza rasta mpaka nyusi zake zimepanda. Hapa saluni wananiita Mgeni. Bosi alinipa jina hilo siku niliyofika na hakuwahi kuuliza jingine, Mungu ambariki.

Niwaeleze kidogo kuhusu tamthilia hii, maana zamani ilikuwa ya maana. Mzee wa ile familia kubwa alipokufa, watu waliacha vyungu vikaungua jikoni, na alikufa kweli, akazikwa, ikaisha. Mwigizaji wake alikuwa akipita sokoni watu wanampa pole kwa kifo chake mwenyewe. Wakati huo dada aliandika na wenzake watano, wanabishana siku nzima juu ya sentensi moja. Kisha kituo kikataka kipindi kila siku badala ya mara moja kwa wiki, na waandishi wakapunguzwa mpaka akabaki dada na bwana mmoja anayesinzia. Hapo ndipo wafu walipoanza kurudi. Yule mzee mwenyewe alirudi, eti aliyezikwa alikuwa mtu mwingine. Bibi harusi alilala hospitali miezi bila fahamu, akaamka na wanja machoni. Yuko bwana aliyepoteza kumbukumbu mara tatu, na kila akipona anamkumbuka mke tofauti. Saluni tulicheka mpaka kicheko kikaisha, tukabaki tunaangalia tu, kama mtu anavyomalizia chakula kilichopoa.

Mtu mmoja hakuwahi kucheka, naye ni mama mkwe wangu. Hakosi hata siku. Na jioni, mezani, humsimulia mwanawe yote tangu mwanzo hadi muziki wa mwisho, na mwanawe husikiliza kwa raha na kuuliza maswali. Ni mtu mpole, mume wangu, kila mtu atakuambia. Anauza rangi za nyumba kwa jumla, anazunguka mji kwa mji na gari la kampuni, maduka yote yanampenda. Akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. Ilipofika mahali siisikii tena, nilijua wakati wa kukinga uso umefika.

Kwa hiyo jioni ile, kati ya tonge na tonge, angesimuliwa habari za kamba ya jirani. Na alijua fika anayeandika ni shemeji yake. Nikamwomba mwalimu radhi, nikatoka uani kwenye mataulo na kumpigia dada.

"Nimebadilisha majina," alisema kabla sijamsalimia.

Nilimwambia mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Akayapokea yote. Alisema walimtaka vipindi vitano kabla ya Ijumaa, mwenzake kaleta pacha mwingine, na yeye alikaa mbele ya karatasi tupu akitafuta kitu kimoja cha kweli, akanikuta mimi. Alilia. Mimi sikulia, niliogopa mno. Kikulacho ki nguoni mwako, na habari ya nguo zenyewe nilikuwa nimemkabidhi kwa mdomo wangu. Nikamuuliza huyo mwanamke wa nguo anakimbilia wapi.

Akaanza kunieleza habari za mafundi na ratiba.

"Dada. Anakwenda wapi?"

"Saluni," akasema.

Ukuta wetu ni wa kijani chini na waridi juu, kwa sababu rangi iliisha katikati na duka halikuwa na nyingine kama ile. Dada alikuja kunitazama mara moja tu, akakaa mbele yake chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaucheka. Sasa mafundi wa studio walikuwa wameshajenga mwingine kama huo, na vipindi vimesharekodiwa. Mume wangu akiingia mahali haangalii watu kwanza. Anaangalia ukuta, anakuambia ni rangi ya kiwanda gani na nani kaiuza.

Tangu hapo sikula vizuri. Kila mlango ulipolia nilimwona yeye kabla sijamwona aliyeingia, na mara mbili nilijificha chooni kwa sababu ya mtu aliyeleta maji. Bosi aliniuliza kama nina mimba. Nilitaka kumwambia, kweli nilitaka, ila nilifikiri nikilitamka hapa ndani litapata nguvu.

Siku ukuta ulipotokea kwenye televisheni, saluni nzima ilisimama. Kijani chini, waridi juu, hata kioo chenye ufa. Bosi alifurahi kama aliyeposwa, akasema sasa tumekuwa watu. Mteja mmoja mwenye rola kichwani akatoa simu apige picha ya ukuta wetu awatumie wenzake. Nilimshika mkono nikamwomba asifanye hivyo. Wakacheka, eti Mgeni anaogopa umaarufu, na picha ikapigwa, mimi nikiwa nimeinamia beseni.

Jioni hiyo mume wangu alimpigia dada. Alimuuliza hali ya watoto, akamuuliza hali ya kazi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo dada alilazimika kuibana simu sikioni kuisikia, kwamba amefurahi kuona mke wake amepata shughuli, na kwamba kuta za namna ile si nyingi, atazipitia moja moja.

"Nitamuua," dada aliniambia. Alikuwa anamzungumzia yule mwanamke wa kwenye tamthilia. Atamuua na kumzika, na baada ya hapo atavaa nguo nyeusi aende kwa mama mkwe wangu, akae chini, aseme nilifariki ugenini kwa homa, kwamba yote aliyoandika alikuwa ananilia mimi na hakujua njia nyingine ya kulisema. Watamwamini, alisema. Nani anaweza kumzulia kifo mdogo wake? Nilimwambia mtu aliyemwanika mdogo wake kila siku saa nane anaweza lolote. Lakini sikuwa na mpango mwingine, na mtu anayezama hachagui kamba.

Wakakirekodi kipindi hicho haraka, kikatoka Alhamisi. Niseme ukweli: kwa miaka hakijaandikwa kitu kama kile. Hapakuwa na muziki. Yule mwanamke alikuwa kitandani, ameshika kitana, anamwomba muuguzi amsuke kwa sababu hataki kukutwa ana nywele ovyo. Muuguzi hajui kusuka. Anamfundisha, mkono wake juu ya mkono wa yule, fungu kwa fungu, mpaka mkono mmoja ukaacha kusogea. Baadaye udongo, na watu wachache, na dada mtu amesimama peke yake. Nilijitazama nikizikwa na kitana mkononi. Nilijililia, jamani. Bosi alizima mashine zote ili tusikie. Mwalimu mstaafu alikuwa anafuta miwani, na kwa mara ya kwanza tangu dada auonyeshe ule ua wa nguo nilivuta pumzi ikafika chini.

Yule wa rola akapenga kamasi. "Atarudi tu," akasema. "Kwenye hii tamthilia nani amewahi kufa?"

Wote wakacheka, hata mwalimu. Mashine zikawashwa.

Dada alipiga jua linazama, nikiwa nafagia nywele. Alikuwa ametoka kwa mama mkwe, bado amevaa nguo zake nyeusi. Aliniambia ameyasema yote kama alivyopanga, na mama mkwe alilia kwelikweli. Mume wangu alimletea maji. Alimsikiliza hadi mwisho, akamsifu jinsi alivyoandika.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha mama yake akafuta macho, akamwambia asilie. Akasema mimi sijawahi kumwacha mtu kaburini. Na mumeo akacheka. Akasema ana subira, ataangalia utakavyorudi."

Nilikaa juu ya kiti cha wateja, fagio mkononi. Nilimwambia basi amrudishe, lakini amrudishe mbali. Amtokeze mji mwingine, ukuta mweupe, duka la viatu, popote, mume wangu azunguke huko mpaka gari limchoke. Nilidhani nimepata akili ya ajabu. Dada akaniambia nimechelewa.

Bosi wake alishampigia. Watazamaji walikuwa wamepiga simu kituoni alasiri yote, hawajawahi kupiga hivyo tangu enzi ya yule mzee. Anamtaka mwanamke wa saluni afufuke Jumatatu. Dada alimwomba mahali pengine, alimwomba hadi akapiga magoti, akaambiwa hakuna pesa ya kujenga ukuta mwingine. Asipoandika yeye, ataandika bwana anayesinzia.

"Atarudi hapohapo," dada akasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Nilimsamehe, nikamwambia hivyo, na sikudanganya. Ni dada yangu. Ndiye aliyenipokea usiku ule nilipofika na uso usiotambulika, akaniogesha kama mtoto. Nje kuna gari lilipunguza mwendo, nikazima taa, likapita.

"Utakwenda wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshaamua tangu kicheko kile cha mchana, na jina la mji lilikuwa tayari mdomoni, nikaikumbuka ile karatasi yake tupu. Dada aliita jina langu, lile halisi, akarudia swali. Nikaliacha swali lake lilie hukohuko kwenye simu, na aliponielewa akaacha kuuliza.