Rangi ya Idd kwenye Magirus ya Baba

Kama umewahi kupita barabara ya kwenda Panda, hapa Likasi, huenda uliniona: mwanaume mwenye tumbo la heshima, amesimama kando ya lori kuukuu la Magirus, anawaeleza watu habari za kutu ambazo hawakuuliza. Ni mimi, Hakim. Nimewahi kumsimamisha mtu aliyekuwa anakimbilia choo, nikamfundisha tofauti ya kutu ya juu na kutu ya ndani. Alisikiliza huku amebana miguu. Nilidhani ni shauku.

Elimu hiyo niliipata kwa baba, mzee Souleymane, aliyekuja kutoka Kasongo akiwa kijana, akanunua lori hilo na kulilea zaidi ya miaka arobaini. Idd ilipokaribia alilipaka rangi mpya. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikumwona akiruka Idd hata moja, na alipofariki nikaendeleza. Watu wengine hushonewa nguo za Idd. Kwetu lori nalo lilivaa. Nilijivunia jambo hilo kuliko elimu yoyote, labda kwa sababu elimu nyingine sina. Miaka ya karibuni rangi ilianza kufanya malengelenge, nami nikawatangazia watu kwamba rangi za siku hizi hazina ubora.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya Idd, dada yangu Kibibi akanipigia simu kutoka Lubumbashi. Lori ni letu sisi wawili, na mkubwa ni yeye; kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya.

"Hakim, nasikia camion ya baba inaoza. Siku ya pili ya Idd nakuya kuangalia. Kama iko muzima, tunabakisha. Kama imeoza, tunauzisha ku bantu ba mitraille. Minye sitaki camion ya baba iue bantu mu njia."

"Yaya, camion iko mupya sawa yayi!" nikamjibu.

Watu wa mitraille ni wale wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo na kuvikatakata. Mji mzima unaniita Hakim Magirus. Ukiondoa Magirus, anabaki Hakim, na huyo hakuna anayemtafuta. Isitoshe, ukitaka nikuonyeshe baba alikuwa mtu wa namna gani, sina picha yake nzuri hata moja. Nina lori.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa mama Orpha, fundi wa kuchomelea vyuma, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yeye hupima lori kwa nyundo ndogo. Anagonga taratibu toka mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza, na kila penye ukimya anachora duara kwa chaki. Alikuja kujitolea mwenyewe.

"Papa Hakim, acha nigonge kidogo. Nitakuambia kwenye kunauma."

"Mama, hii hapana ngoma," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wapita njia.

Ukweli ni kwamba niliogopa ile chaki.

Idd iliangukia mwisho wa mwezi wa tatu, na mvua ya hapa mwezi huo haina adabu. Nikafunga turubai juu ya lori, nikafuta maji kwa kitambaa, nikaziba mashimo kwa mastiki, nikapaka bluu. Turubai lilikuwa linavuja. Matone yaliyoanguka juu ya rangi niliyaita unyevu wa kawaida. Siku ya Idd, watu waliotoka msikitini walilizunguka lori wakilisifia, nami nikapokea pongezi kama bwana harusi. Mama Orpha, ambaye ni mtu wa kanisa lakini pilau yetu haimpiti, alilitazama lori, akanitazama mimi, kisha akaomba aongezewe nyama.

Kesho yake Kibibi akafika. Hakusalimia mtu kabla ya lori. Alilizunguka polepole, nami nyuma yake nikihubiri. Akasimama mbele ya mlango wa dereva. Palikuwa na lengelenge moja dogo ambalo asubuhi nililiona nikajiambia ni kivuli. Kibibi akalibonyeza kwa kidole. Maji yakatoka.

Aibu ingeweza kuishia hapo, lakini kidole kiliendelea. Kikapita rangi, kikapita mastiki, kikapita mlango wenyewe, kikatokea upande wa pili. Wakati huo nilikuwa naeleza umuhimu wa kuandaa chuma vizuri.

"Hakim," akasema bila kukitoa kidole, "hii njo kintu gani?"

"Ni hewa, yaya. Inapitisha hewa."

Hakucheka. Machozi yalimjaa, na hapo ndipo aibu ikanishika kwelikweli.

"Uliipamba sawa maiti," akasema. "Kesho naita bantu ba mitraille."

Mimi, mwenye maneno ya kutu ya kutosha kumchelewesha mtu chooni, nikageuka kumtafuta anayejua. Nikaenda moja kwa moja kwa mama Orpha, aliyekuwa kati ya majirani waliokuja kumpokea Kibibi, nikasema mbele yao wote, "Mama, minye sijue kintu. Kuya, gonga yote."

Akagonga. Milango ikanyamaza. Sakafu ya kabini ikanyamaza. Madigadi yakanyamaza. Chaki ya kwanza ikaisha, akaomba ya pili. Kibibi alikuwa ameshika simu tayari, anatafuta namba.

Kisha mama Orpha akalala chali na kuingia chini ya lori, kule ambako sijawahi kupaka kitu kwa sababu huko hakuna wa kukusifu. Injini ilianza kuvuja mafuta tangu enzi za baba. Yalirushwa nyuma, yakaganda na vumbi kwenye shasi, uchafu mweusi wenye unene wa kidole ulionitia aibu miaka yote. Akaukwangua kidogo kwa bisibisi, akagonga. Chuma kikalia. Akagonga katikati, akagonga nyuma, kote kikalia kama kengele ya shule.

"Châssis iko muzima," akasema kutoka chini. "Ile buchafu ya mafuta njo iliichunga. Kwenye ulipakaa rangi njo kwenye imeoza. Mvua inanyesha, weye unapakaa. Ulifungia maji mule ndani, papa Hakim."

"Lakini ilikuwa Idd!" nikasema. "Baba alipakaa kila Idd!"

Kibibi akaishusha simu.

"Idd inatembeaka, Hakim. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja. Weye ulianza kutumika na baba wakati Idd ilikuwa inaanguka mu saison sèche, mvua haiko. Minye niko mukubwa, niliona myaka yenye iliangukaka mu mvua. Baba alikuwa anangoya mvua iishe. Anangoya mupaka mwezi wa saba, chuma inakauka muzuri, anakwangula rangi yote, anapakaa antirouille, ile dawa ya kutu, kiisha njo rangi. Alikuwa anasema, ile njo Idd ya camion."

Nilikaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu ya sikukuu. Nilimpenda baba, na kwa mapenzi hayo niliiga mkono wake bila kumuuliza hata siku moja kwa nini ulikuwa unafanya hivyo. Yeye angesubiri mvua iishe. Mimi nilikuwa naliozesha lori lake kwa heshima zote.

"Yaya, unipe mupaka mwezi wa saba," nikasema. "Mama Orpha atatumika. Minye nitashika kile atanipa kushika."

"Na mudomo?"

"Nitafunga."

Kibibi akairudisha simu mkobani. "Mwezi wa saba," akasema. "Nyundo nitashika minye mwenyewe."

Mama Orpha akakata vyote vilivyooza, akachomelea mabati mapya. Mimi nilipewa brosi ya chuma. Nilikwangua bluu, chini yake nikakuta kijani, kisha njano, kazi yangu yote ya miaka ikitoka kama maganda ya vitunguu. Sehemu fulani juu ya kabini nikafika kwenye wekundu mgumu uliokataa kutoka. Nikausugua mpaka jasho likanichuruzika. Mama Orpha akaja kuangalia.

"Acha ile," akasema. "Ni antirouille ya papa yako. Ile mutu alijua kazi."

Nilielewa kwamba sifa hiyo haikuwa ya familia nzima. Nikaenda kukwangua upande mwingine.

Mwezi wa saba hakukuwa na tone la mvua. Tukapaka antirouille, tukasubiri, tukapaka bluu, tukasubiri tena, na kusubiri ndiko kulikonichosha kuliko kukwangua. Kibibi akaja amevaa kitenge chake kizuri, akachukua nyundo ya mama Orpha, akaanza. Digadi likalia. Sakafu ikalia. Nilikuwa na hotuba ndefu tayari; mama Orpha akanikazia macho, nikaimeza. Kibibi akamalizia kwenye mlango wa dereva. Akagonga mara tatu, mahali palepale kilipoingia kidole chake, na mara zote tatu mlango ukaitika.

Akaweka nyundo chini, akanishika mkono wangu uliojaa rangi.

"Idd mubarak, mudogo yangu," akasema.

Nikalia palepale barabarani, watu wakipita, na sikumweleza mtu yeyote chochote.