Kuhesabu Mpaka Kumi

Symphorien alijifunza lugha ya mashini kwa vijiprogramu vya mfano, amri nne tano zilizofuatana: weka hiki hapa, ongeza kile, rudi juu. Kitabu alipewa na Alexis, Mbelgiji aliyesimamia mashini kubwa ya hesabu kazini. Mashini yenyewe wanafunzi hawakuruhusiwa kuigusa kabla ya mtihani, na sijui nani alifikiri mtu hujifunza kuogelea mezani. Basi jioni, nyumbani mtaani Katuba, mkewe Albertine ndiye aliyekuwa mashini. Symphorien alisoma amri, Albertine akahamisha maharagwe kutoka kifuniko hadi kifuniko, na jibu likipatikana yeye Albertine ndiye aliyesema, "Tosha," akayakusanya, wakacheka, wakala bukari, ugali wao.

Kisha Katanga, jimbo lililojitenga na nchi, ikaanza kuwawinda Waluba wa Kasai, kabila lao wote wawili. Majirani waliokuwa wakiomba chumvi kwao wakaja na mapanga. Albertine akakimbilia kambi ya wakimbizi, kwa askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Symphorien alibaki kwa sababu moja: akifaulu, angepewa nyumba ndani ya ua wa kampuni, penye ulinzi, amtoe mkewe kambini. Akawa anajisomea na kujihamishia maharagwe mwenyewe. Upweke ulimla, asikudanganye mtu. Alifika hatua ya kuviongelesha vifuniko.

Mtihani ulikuwa kuandika programu ya kuhesabu mpaka kumi. Mchezo wa watoto. Mashini ikafika kumi, ikapita, ikafika mia, karatasi zikamjaa miguuni. Alexis akaizima, akauliza bila ukali amri ya kusimama iko wapi. Kitabuni ilikuwepo mwisho wa kila mfano, ila yeye na Albertine walizoea kuiruka, na hata alipobaki peke yake Symphorien aliendelea kuiruka kana kwamba Albertine bado ameketi pale. Akaambiwa ajaribu tena mwakani.

Alikwenda moja kwa moja kambini. Albertine alikuwa amekalia mzigo wake.

"Ulishinda?"

"Hapana. Mashini ilikatala kusimama. Ku nyumba ni weye ulikuwa unasema tosha, njo maana miye sikuandika."

Albertine alicheka kidogo, kisha akajifuta macho. Akamwambia treni ya kuwarudisha watu Kasai inaondoka kesho, na jina lake yeye Albertine limeshaitwa. Kama Symphorien atabaki, abaki.

Symphorien alitazama mahema. Alizaliwa hapa hapa Katanga, babake alizikwa hapa.

"Kule Kasai miye sijafikaka hata siku moja," alisema.

"Hata miye," alijibu Albertine, akasogea kumwachia nafasi juu ya mzigo.